Mlango wa Kamoshika

Zima hiyo televisheni, Fumiyo, kisha usukume mlango wa karatasi mpaka mwisho niione theluji ya bustani, na wewe Nobutaka acha kukaa huko pembeni kama mgeni aliyekuja kutoa pole, sogea hapa karibu na mto wangu, kwa maana haya nitakayoyasema nayasema mara moja tu na pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia rudia. Daktari ameondoka. Najua alichowaambia pale ukumbini, msijisumbue kunificha, masikio yangu ni mazima kuliko miguu yangu. Nimeyasikia pia mliyonong'ona alipokwisha kutoka, habari za jumba kubwa la mjini na ukuta wa maua meupe, na ile picha yangu ya kimono nyeusi. Ndiyo maana nina hasira. Nimeomba nirudishwe nyumbani nife kwa amani, na badala yake nakufa nikiwa nimekunja ngumi.

Sikieni basi la kwanza, wanangu. Mimi Hirukawa Kinuyo, binti pekee wa Hirukawa Gensaku, sitaki mazishi ya kampuni. Sitaki safu ya wakurugenzi wamesimama mlangoni kupokea rambirambi kana kwamba mimi nilikuwa mama yao, sitaki mabosi wa kampuni nyingine za magari washuke kwenye magari yao marefu kuja kunitazama, sitaki mwandishi wa gazeti ahesabu mashada. Mnadhani sioni mnachokitafuta? Kampuni imepigwa mawe magazetini tangu mpunga uvunwe, na sasa mmepata bahati, bibi kizee wa mwisho wa damu ya mwasisi anakufa, basi watu walie kidogo, wasahau kidogo. Mnataka kunichoma mimi ili moshi wa ubani ufunike uvundo wenu. Usinikatize, Nobutaka. Ulikuwa na msimu mzima wa kusema na hukusema.

Mnajua jina letu hilo, Hirukawa, lilifikaje mbele ya magari mnakolibandika? Mnajua hadithi ile ya kwenye makumbusho yenu, ya kijana mwenye ndoto aliyetazama nyota akaliona gari. Upuuzi mtupu. Baba yangu alikuwa fundi wa vitanda vya kufumia hariri, mikono yake ilinuka grisi hata siku ya mwaka mpya, na alifunga injini kwenye mkokoteni baada ya vita kwa sababu alichoka kuwaona wanawake wa milimani wakibeba robota za hariri mgongoni katika theluji ya kiunoni, na mama yake mzazi alikuwa mmoja wao. Gari lenyewe lilikuwa na sura mbaya. Watu wa Tokyo walilicheka kwenye maonyesho, mmoja akamwuliza mbele ya watu, "Mzee, hili ni gari au sanduku la tofu?" Baba akamjibu, "Ni sanduku la tofu linalowaka asubuhi. Lako je?" Akaliita Kamoshika, kwa jina la yule mbuzi wa milima yetu anayesimama juu ya jabali lenye barafu akitafuna majani kama yuko sebuleni kwake.

Lakini jina letu halikupata heshima kwa gari kuwaka asubuhi. Lilipata heshima kwa aibu, na hilo makumbusho yenu hayalisemi. Ule mwaka wa theluji kubwa, sijaolewa bado, nyumba zikawa zinaingiliwa kwa madirisha ya juu, mpira wa milango ya Kamoshika uliganda, milango ikawa haifunguki. Mkunga mmoja wa kijiji cha juu alikwama ndani ya gari akitoka kuzalisha, akakaa humo mpaka walipomchimbua, akapona lakini vidole vya miguu vilikatwa. Baba alipopata habari hakuita waandishi. Alivaa viatu vya theluji, akachukua mafundi wake na mafurushi ya mpira mpya, akapanda kwa miguu kwa kuwa barabara zilifungwa, akagonga nyumba ya kila mtu aliyenunua gari lile. Kwa mkunga, mtoto wake wa kiume alitoka na ndoo ya maji machafu akammwagia. Baba akasimama pale pale maji yakimgandia kwenye koti. Kesho yake akarudi. Mwisho yule mkunga mwenyewe akapiga kelele kutoka ndani, "Mwacheni aingie huyo mpumbavu! Akifia hapo nje nani atanitengenezea mlango?" Akalishwa tambi za ngano nyeusi na figili ya kukwaruzwa, na akalia ndani ya bakuli. Haya nayajua kwa sababu Baba mwenyewe alinisimulia, akaniambia, "Kinuyo, mwenye jina mbele ya gari ndiye anayegonga mlango. Hatumi mtu." Basi wakulima wakaambizana, na kwa hayo magari yakauzika, hata wale waliokuwa wakicheka wakaja kuuliza tunatumia mpira gani.

Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Mume wangu alikuja akaliacha jina la kwao akavaa letu, akalibeba vizuri mpaka mgongo ukapinda, apumzike. Nami sikujaliwa wa kiume, nilimpata Fumiyo tu. Ndipo ukaja kumwoa wewe, Nobutaka, mtoto wa pili wa akina Kitano, una miwani mipya na viatu vinavyong'aa, ukapiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumba hii, mbele ya kibao chenye jina la marehemu baba yangu, ukasema kwa sauti iliyotetemeka, "Nalipokea jina hili kuwa langu." Nalisema mbele ya mkeo: nilikupenda siku ile. Nilikupenda kuliko ambavyo ningempenda mwana wa kiume wa kumzaa mwenyewe, kwa sababu aliyezaliwa na jina hana hiari, wewe ulichagua. Ndiyo maana hasira yangu juu yako haina mfano. Ningekuwa sikupendi ningekuachia wanasheria.

Ulitokea kwenye televisheni. Mlisimama mstari mmoja na suti nyeusi mkainama, na mimi niko kitandani hospitalini, muuguzi ananilisha uji, ananiambia, "Bibi, si huyu mkweo?" Nikasema ndiye. Mkasema magari ya majaribio yalitiwa chuma cha ziada ndani ya milango kabla ya kugongeshwa, chuma ambacho magari ya kuuzwa hayana. Nikafikiri, sasa atasema neno la mwanamume. Ukasema nini? "Tunaomba radhi kwa kuwasumbua wateja wetu." Kuwasumbua! Anayepiga honi alfajiri ndiye anayesumbua watu, Nobutaka! Kisha ukasema ni watu wa karakana ya majaribio waliofanya hayo wenyewe, makao makuu hayakuwa na habari. Watu wa karakana! Wanaopewa tarehe isiyowezekana na kuambiwa wakishindwa wasirudi ofisini! Na ukasema ni aina mbili za magari tu, za zamani, na kwamba kuhusu Kamoshika la sasa uchunguzi unaendelea. Nikamwambia muuguzi aondoe bakuli.

Fumiyo, wewe ni shahidi wa ninayoyasema sasa. Nilipotoka hospitalini nilikuomba unipeleke Ono, ukaniambia, "Mama, hali yako haikuruhusu," nikakwambia hali yangu haitakuja kuwa nzuri zaidi ya leo. Tukaenda kwa Sugimori, yule mkulima wa magimbi aliyefiwa na mkewe njia panda, msimu wa baridi uliopita, lori la magogo lilipoteleza polepole likaligonga Kamoshika lao jipya ubavuni. Polepole, polisi wenyewe walisema, na mlango ukakunjika kama karatasi. Hakuna mtu wa kampuni aliyewahi kukanyaga kwake. Maua yaliletwa na mtu wa duka la maua.

Sikumwagiwa maji machafu. Heri ningemwagiwa. Alitufungulia mwenyewe, akasema, "Karibu, bi mkubwa, mnisamehe nyumba imekaa vibaya, aliyejua kila kitu kilipo ni Toshie." Akanipa chai kwenye kikombe kisicho na mwenzake, akanisaidia kupiga magoti nimwashie ubani mkewe, mimi nisiyeweza hata kuinuka. Kisha akasukuma sanduku letu la keki likarudi mbele yako, Fumiyo, taratibu, bila ukali.

"Sitaki hizi," akasema. "Wala sikuwapeleka mahakamani. Nataka kuambiwa jambo moja tu. Mlango wa upande wa Toshie, ndio ule ule mliougongesha mkasema uko salama, au ni mwingine?"

Nikamwambia sijui.

"Maana siku ile alitaka kupanda basi," akasema. "Mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimwambia, mwanamke wewe, basi la nini na theluji hii, chukua Kamoshika, hilo ndilo salama. Sasa nikilala namwona amesimama pale mlangoni na skafu yake. Kama mlango ni ule ule, basi ilikuwa siku yake, nitajifunza kunyamaza. Kama ni mwingine, basi nilidanganywa, na nitajua kwamba si mimi niliyemwua. Niambieni tu, bi mkubwa. Lolote. Nishindwe kula kwa sababu ninayoijua."

Nikamwahidi jibu. Mimi, kwa jina la baba yangu, nikamwahidi. Nikarudi nikakuuliza wewe, Nobutaka, ukanimiminia chai na kusema, "Linachunguzwa, Mama, wewe pumzika." Nikakuuliza tena, ukanirekebishia blanketi. Mtu mzima ananyimwa usingizi kule, anajihukumu kwa kosa la mwingine, na wewe unanirekebishia blanketi!

Sasa nakuuliza mara ya mwisho, na hapa hakuna kamera. Mlango wa Toshie ulikuwa ule uliopimwa?

Inua kichwa. Nimesema inua kichwa, sitaki kuona kisogo chako, kisogo chako nchi nzima imekiona. Nataka mdomo. Fumiyo, usimshike bega. Mwache.

Sema kwa sauti, sikusikia.

"Haukuwa ule, Mama."

Ehe. Na wewe ulijua tangu lini?

"Kabla toleo hilo halijaanza kuuzwa."

Kabla halijaanza kuuzwa. Haya. Usilie, Fumiyo, machozi yako yatunze, yana kazi leo. Na wewe usiniombe msamaha mimi. Jibu hilo umelitoa kwa mtu asiye mwenyewe. Mwenyewe yuko Ono, ameketi peke yake na kikombe kimoja. Simama. Vaa koti lako, chukua ufunguo, mwambie dereva aende nyumbani kwake, utaendesha mwenyewe. Usimpigie simu wakili, usiandikiwe maneno na mtu wa ofisi. Ukifika, useme maneno mawili hayo uliyoniambia mimi, haukuwa ule, na mimi nilijua. Akikumwagia maji, simama. Akifunga mlango, kaa kizingitini. Na kesho uyaseme hayo hayo mbele ya kamera, na watu wa karakana uwasafishe kwa kinywa kile kile kilichowachafua.

Najua. Najua alichosema daktari, kwamba sitafika jioni. Najua pia watu watakavyosema, mwana wa nyumba hakuwepo mama yake akikata roho, hakumlowanisha midomo kwa maji ya mwisho, laana gani hiyo. Waseme. Nataka waseme. Kwa sababu kila atakayekuuliza, msibani, barabarani, hata uzeeni kwako wajukuu watakapokuuliza, ulikuwa wapi siku ile, itakubidi umwambie ulikokuwa. Huo ndio urithi wako kutoka kwangu. Nenda. Usiiname tena, utanichelewesha.

Ameondoka? Funga basi mlango, baridi inaingia.

Sogea, Fumiyo. Sauti inanikimbia. Hisa zangu zote ni zako, usimwandikie hata moja. Akigeuza gari njiani, au akimsemesha Sugimori kwa lugha ya wanasheria, nenda kwenye mkutano wa wenye hisa useme mimi nimekataa, jina letu ling'olewe mbele ya kila gari, waliite wanavyotaka, hata namba. Akifika na kusema, jina alibakize, na kampuni ikizama kwa ukweli, izame. Baba alianza na mkokoteni. Hakufa njaa.

Nizikeni hapa hapa. Mtawa wa hekalu letu na majirani, basi. Maua ya kampuni yakija, yarudishwe na aliyeyaleta. Kimono ya bluu wape wasichana wa dada wa mume wangu, wagombane wenyewe. Shamba la nyuma usiuze.

Nakubariki, mwanangu. Ulale usingizi. Uzae... hapana, umri umepita, nasema nini mimi. Uishi na mtu anayekutazama usoni. Na yeye pia... na yeye nambariki, mwambie, lakini baadaye. Siyo leo.

Leta maji. Hapa, mdomoni. Basi, yanatosha.

Simu... ikilia... atakuwa yeye, yuko njiani. Atauliza kama ningali hai. Namjua, atataka kurudi. Usimjibu hilo, Fumiyo. Ndiyo usiseme, hapana usiseme.

Mwambie aendelee.