Tunu Pazi, Mkandaji wa Mbagala

Yatakayosomwa hapa hakuna atakayeyaamini, na kosa si la marehemu. Ni la mjomba wake Gaspar, aliyeyaandika, ambaye elimu yake iliishia darasa la nne lakini chumvi yake haijawahi kwisha.

Tunu alizaliwa Maneromango, Kisarawe, tarehe 14 Machi 1947. Alisoma shule ya misheni palepale, akamaliza darasa la nne mwaka 1960, wa kwanza katika darasa lake. Mjomba, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, alimaliza naye siku hiyohiyo. Sababu isiulizwe leo.

Mwaka 1966 alifunga ndoa na Wilbert Pazi, wakahamia Mbagala. Mama mkwe wake alikuwa akikanda wanawake waliojifungua, akamrithisha kazi: maji ya moto, kitambaa na mkono mzito. Mzazi akikandwa na Tunu siku arobaini, tumbo lilirudi mahali pake, na adabu pia.

Julai 1994 aliitwa Kinondoni kwa Mahfudha, mke wa mwenye duka la vitambaa. Mwenyewe ameruhusu atajwe. Nyie wengine mliojifunika khanga huko nyuma tulieni, majina yenu marehemu anakwenda nayo. Mahfudha alikuwa ametoka Bombay kupasuliwa ili apunguzwe tumbo. Alirudi amefungwa mkanda mpana, na karatasi ya daktari mkononi iliyosema akandwe. Nyumba nzima ilijua kukanda kumoja tu, kule kwa waliojifungua. Tunu akachemsha maji, akakamua kitambaa, akakandamiza kama alivyozoea. Mahfudha akauma mto. Kufika jioni uvimbe ulikuwa umezidi, na ngozi karibu na mshono imevutika hadi inang'aa.

Angeweza kusema ndivyo dawa inavyofanya kazi. Jina lake lote, kutoka Mbagala mpaka Tandale, lilisimama juu ya mkono ule. Lakini asubuhi alirudi bila sufuria wala kitambaa.

"Mama, jana nilikuumiza," alimwambia Mahfudha. "Tumbo la namna hii silijui. Nisomewe karatasi yote."

Najat, binti wa nyumba hiyo, akaisoma neno kwa neno. Ilikataza maji ya moto. Iliagiza mkono mwepesi, wa kuivuta ngozi tu, polepole, ili maji yaliyotuama chini yake yasogee kuelekea kwapani. Tunu akagoma kumgusa tena mpaka daktari auangalie mshono. Ulikuwa salama.

Siku mbili alijizoeza kwenye mgongo wa mjomba. Alimwagiza aseme akiuhisi mkono. Mjomba akakoroma tu, na mwanafunzi akajipa maksi zote. Wiki sita alimhudumia Mahfudha, uvimbe ukapungua kidogo kidogo hadi mkanda ukalegea. Kuanzia hapo walimjia wengine, hata kutoka Kawe, na wote, ukiwauliza, hawakupasuliwa popote, walikuwa wametoka Tanga kusalimia shangazi.

Moyo ulianza kumsumbua Desemba 1997. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Mahfudha alikuja kila Jumatano kukaa naye, wakacheka milango imefungwa. Tunu alifariki nyumbani kwake Mbagala, Alhamisi tarehe 11 Juni 1998, saa mbili asubuhi. Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba na mjomba mmoja asiyejua sasa atamtania nani. Mungu ampe pumziko na utulivu.

Jumapili ya mwisho aliomba asomewe wasifu huu angali hai, maana alimjua mwandishi wake. Mjomba akakohoa, akasoma jinsi Tunu alivyomwekea Mahfudha mikono siku ya kwanza tu, uvimbe ukakimbia wote, mgonjwa akainuka kitandani, akavaa viatu virefu, akacheza ngoma kutoka Kinondoni mpaka Magome—

"Mjomba," akasema Tunu, macho ameyafumba. "Siku ya kwanza nilimuumiza. Andika hilo."