Mistari Niliyoiruka

Ndugu zangu, wengi husimama hapa kushuhudia kwa furaha. Mimi nimesimama na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mwaka 2006, miaka mitatu baada ya kukimbia Bukavu, kule Kongo, nilikuwa naongoza maombi hapa kambini Dzaleka. Siku moja mtumishi mmoja wa Mungu kule Kawale, mjini Lilongwe, sitamtaja, akaniwekea mkono kichwani. "Papa, naona ndege ya kwenda Kanada. Jamaa yako yote iko ndani."

Nami, mtu niliyesoma sekondari, nikaamini bila kuuliza. Nikauza cherehani ya mke wangu, nikanunua valizi tatu za safari. Binti yetu alikuwa amefaulu kuingia sekondari. Nikamkataza. "Utasoma Kanada. Hapa utapoteza wakati."

Kila Jumapili nilihubiri mstari ule ule wa Yeremia, kwamba Mungu anatuwazia mema na kesho yenye tumaini. Nanyi mliitikia amina, mnakumbuka! Wengine mliacha nyumba bila kuziezeka kwa sababu yangu.

Miaka saba, ndugu zangu. Binti akauza mandazi barabarani. Ndege haikuja. Mtumishi yule alipoulizwa, akasema imani yetu ilikuwa ndogo. Imani yetu!

Kisha mchana mmoja, nikiandaa mahubiri, binti akavuta Biblia yangu.

"Papa, we unaanzaka kusoma wapi?"

"Mstari wa kumi na moja."

"Na ile ya juu yake, uliisomaka?"

Akaisoma kwa sauti. Nabii anawaandikia watu waliohamishiwa Babeli: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee mema mji walimo, kwa kuwa watakaa huko miaka sabini. Na wasiwasikilize manabii wanaowadanganya.

Mke wangu akacheka kicheko kibaya. "Njo vile, mzee. Barua ilikuwa yako, ukaikalia miaka saba."

Nilitaka kumfokea. Binti hakucheka. Aliuliza tu, "Sasa naweza kwenda shule?" Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Jumapili ile nilihubiri sura nzima. Baadhi yenu mlitoka nje.

Namshukuru mwalimu aliyempokea binti katikati ya watoto waliomwita agogo, yaani bibi. Mwisho binti ndiye aliyewaeleza watoto hao hesabu. Nawashukuru akina mama waliomwazima mke wangu cherehani, na jirani Mmalawi aliyenifundisha kufyatua matofali nikiwa na mvi. Zikomo, asanteni.

Binti amemaliza shule. Hajanitamkia neno baya hata moja, na hilo ndilo linaloniuma. Nyumba nimejenga, miaka yake sina namna ya kuirudisha.

Nawe uliyemweka mtoto nyumbani kwa kuwa umetabiriwa safari, nakuona ulipokaa. Usiniambie amina. Kesho ni Jumatatu. Mpeleke shule.