Kifuniko cha Chungu Juu ya Paa

Treni ya Tunis ilikuwa kwenye tuta katikati ya ziwa na Dalenda hajafungua hata ukurasa wa kitabu chake, kwa sababu ya bibi wawili waliokaa mbele yake.

"Kompyuta yenyewe ndogo kama pakiti ya biskuti," alisema mwenye miwani. "Nimeichomekea kidude cha kunasa mawimbi. Inapitia masafa ya redio za meli moja moja, ikikuta mtu anaongea inasimama. Antena nimeisimamisha paani, juu ya kifuniko cha chungu cha kupikia kuskusi."

"Mongia! Na kuskusi unafunika na nini?"

"Sahani."

Dalenda ana diploma ya kompyuta, na hajawahi kuunda hata kengele ya mlango.

"Kuwasikiliza watu wasiojua, si umbea huo?" akauliza bibi mwenzake.

"Namsikiliza mwanangu Slim, mwenzangu. Tangu tugombane hanipigii simu. Lakini kila Alhamisi meli yake ikifika, yeye ndiye anayeomba ruhusa ya kuingia bandarini. Wiki iliyopita alikuwa na mafua."

Treni ikasimama Halq el-Wed, kituo cha bandarini. Yule bibi mbishi akanyanyuka. "Umbea tu," akasema. Alipofika mlangoni akageuka.

"Leo si Alhamisi? Anaingia saa ngapi?"