Bibi Pasi, Mama Aliyengoja Miaka Kumi na Tisa

Bibi yetu, ambaye wauguzi walimpachika jina la Bibi Pasi nalo likamganda maisha yake yote, alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa tatu kati ya saba wa mpasua mbao na mkewe mkulima. Alisoma hadi darasa la nne. Hapo baba yake akamwambia, "Ukijua kusoma barua, mwanangu, inatosha," naye akabaki nyumbani kulea wadogo zake.

Tarehe 2 Novemba 1963 aliolewa na fundi seremala, mtu wa maneno machache, aliyependa kusema kuwa mkewe anaongea kwa niaba ya wote wawili. Walijaliwa binti mmoja, kisha wavulana wawili.

Vita vilipowafikia, Juni 1972, binti alikuwa na miaka saba. Alikuwa amelala kwa nyanya yake, akiwaka homa ya surua. Bibi alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine kamshika mkono. Mama yake akamwambia, "Huyu niachie. Ukimtoa nje kwenye baridi hii atakufia njiani. Utamfuata wiki ijayo." Akamwachia. Walitembea siku nne hadi kuvuka mpaka, na wiki iliyofuata mpaka ukafungwa. Wiki ile moja ikazaa miaka kumi na tisa.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Bibi ilikuwa lugha: mwaka wa kwanza alinunua vitu dukani kwa kunyoosha kidole. Mwaka 1974 aliajiriwa hospitalini, chumba cha kufulia na kupiga pasi mashuka, akakaa humo miaka thelathini na miwili. Nyumbani nako alipiga pasi kila kitu, soksi, vitambaa vya jikoni, hata kamba za viatu. "Nisipoinuka upesi hapa," Babu alilalamika, "utanipiga pasi na mimi." Kila mwezi alimwandikia binti yake barua. Nyingi zilirudi, bahasha zimechakaa pembeni, hazijafunguliwa.

Desemba 1991, mpaka ulipofunguliwa, binti alishuka kituo cha mabasi, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye anayewasomea wasifu huu. Bibi alimkimbilia hadi kiatu kikamtoka. Binti akampa mkono, kama mtu ampavyo mwenye nyumba.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake. Kwa karibu miaka miwili aliishi chini ya paa lile akimwita Bibi "mama wa kina kaka".

Jumapili moja wakianua mashuka uani, binti akauliza, "Kwa nini mimi?"

Bibi hakujitetea. "Niliogopa ungenifia njiani. Nilikosea, mwanangu, na sikuwa hata na pa kuja kukuomba radhi."

Binti aliendelea kuanua mpaka kamba ikabaki tupu. Kisha akasema, "Mama, shika vizuri upande huo, shuka linaburuzika." Bibi alishindwa kushika. Alikaa chini pale pale uani, akalia.

Babu alimtangulia mwaka 2004. Moyo wa Bibi ulianza kumsumbua mwaka 2018, akalazwa hospitali ile ile aliyoifanyia kazi. Siku ya kwanza alimwita muuguzi: "Nani kalikunja shuka hili? Halikufunzwa adabu." Alifariki tarehe 6 Agosti 2021, saa nne asubuhi, binti yake akimpaka mafuta miguuni. Binti aliendelea kupaka hadi daktari alipomshika bega.

Kuhusu idadi ya watoto wake, Bibi aliacha agizo. Alipopokelewa nchi hii, karani alimwambia aandike tu watoto alio nao mkononi. Akaandika wawili, na kila karatasi iliyofuata ikanakili hivyo hivyo. "Siku mkinisoma," alituambia, "msinakili."

Basi hatunakili. Bibi Pasi ameacha watoto watatu: binti yake, mzaliwa wake wa kwanza, na wanawe wawili wa kiume. Ameacha pia wakwe wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Apumzike sasa, Bibi yetu. Wanawe wote wapo hapa.