Mlango wa Friji katika Wimbo wa Tatu

Treni ya kwenda Belleville ilikuwa haijavuka mto ubishi ulipoanza. Mwanamke mmoja alimwona jirani yake wa kiti amepakata santuri ya kwanza ya bendi ya Kessler Road, akashindwa kunyamaza.

"Kaka, hizo ni kelele za jikoni. Albamu ya nne ndiyo muziki."

"Ya nne walishalewa sifa, dada. Hii waliirekodi jikoni kwa mpiga ngoma wao. Ina roho."

"Roho gani? Wimbo wa tatu friji inanguruma mwanzo mwisho. Watu wazima mnarekodi bila kuchomoa friji?"

Kwenye kiti cha nyuma yao, Verlon Stumpf alishusha kofia usoni. Mpiga ngoma alikuwa yeye, na kuchomoa friji ilikuwa kazi yake.

"Halafu pale katikati kuna ngoma imekosewa, inalia peke yake."

"Haijakosewa. Ni makusudi."

Wala haikuwa ngoma. Wakiwa wanarekodi, Doreen, mke wa Verlon, aliingia peku kuchukua maziwa, akaufunga mlango wa friji kwa nyonga kama kawaida yake. Wanabendi wengine walitaka wimbo urudiwe. Verlon akakataa, na hakuweza kuwaeleza kwa nini. Sasa Doreen ana miaka sita kaburini, na picha zake zote ni za kimya.

Treni ikasimama. Wale wawili wakashuka, bado wanabishana. Verlon alibaki akipiga goti kwa kidole, mapigo ya wimbo wa tatu, polepole, mpaka alipofika pale pa mlango wa friji. Hapo akaacha, asikilize.