Aliyesema "Mwendo!"

Funga mlango, mwanangu, na hiyo simu iweke chini kifudifudi, maana nimewaita nyinyi wawili niseme na macho yenu, si na visogo vyenu. Sikilizeni, wala msiniambie nipumzike. Huko niendako nitapumzika mpaka nichoke.

Mali yangu ni ndogo na haina ugomvi. Nyumba hii ni ya dada yako, aliyenifulia mashuka miezi saba huku akirusha ndege siku zake za zamu. Gari na kile kiwanja nyuma ya shule ni vyako, kaka mtu. Wa kunung'unika anung'unike sasa, nikiwa bado na masikio. Haya, hayo yamekwisha. Lililobaki ni aibu.

Kasuku mnamjua kwa jina tu. Alikuwa rubani wangu msaidizi, na jina hilo tulimpa kwa dhihaka kwa sababu kila namba iliyo mbele yake aliisoma kwa sauti, urefu, mwendo, upepo, hata pale mtambo wa kujiendesha uliposhika kila kitu na sisi tukabaki kukunja mikono. Nilimwambia, "Wewe, mtambo una macho." Akanijibu, "Una macho, kapteni, lakini hauna roho ya kupoteza." Tukamcheka.

Siku ile ilikuwa mchana mweupe, tunashuka, uwanja tunauona. Kishikwambi, kile kibao cha kupokelea ujumbe wa ofisi, kikalia. Ofisi inataka maelezo, sasa hivi, kabla hatujagusa ardhi, kwa nini tumechelewa dakika kumi na moja. Sasa hivi! Nina watu mia moja na arobaini mgongoni, na bwana mmoja kwenye kiti cha kuzunguka anataka fomu ijazwe! Nami, badala ya kukitupa kile kidude sakafuni, nikakipakata, nikamwambia Kasuku, "Nyamaza na namba zako, nitafutie kwenye karatasi hizo saa tuliyofunga milango." Mshika mawili moja humponyoka, na sisi tulishika yote isipokuwa ndege. Mtambo haukuharibika, msije mkadanganywa. Ulikuwa umepunguza nguvu za injini kama tulivyouagiza, ukakaa unangoja agizo la pili, na mwagizaji alikuwa anaandika insha, huku mwendo ukipungua mpaka karibu na wa kuanguka. Kasuku ndiye aliyeinua kichwa. "Mwendo! Kapteni, mwendo!" Kabla sijaelewa, mkono wake ulishasukuma injini mpaka mwisho. Tukaangukia mwanzo wa njia kwa kishindo, mkia ukakwaruza lami, tukasimama tukiwa hai. Ila mhudumu wa nyuma, mama wa watoto wawili, alivunjika uti wa mgongo, hakutembea tena.

Ripoti ikaandikwa. Ujumbe wa ofisi haumo. Amri yangu haimo. Kilichomo ni kwamba rubani msaidizi alizembea kuangalia mwendo. Kasuku, alizembea kuangalia! Mkuu wa marubani akanisogezea kalamu, akaniambia kwa upole, "Mzee, umebakiza miaka miwili ustaafu kwa heshima, usijichafue." Nikatia sahihi. Kasuku akafutiwa leseni, na leo anatengeneza majokofu katika mji wa mama yake.

Miaka kumi na tisa nimekula hasira hii, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi. Lakini wao wa ofisini je? Wanamweka binadamu mbele ya mtambo usiokosea siku mia tatu, wanamwambia atazame tu, asipepese jicho, kazi ambayo hata paka mbele ya tundu la panya haiwezi. Halafu wakimwona ametulia wanasema hana shughuli, wanamletea fomu. Siku ya mia tatu na moja wanauliza, alikuwa wapi? Alikuwa mlikompeleka!

Na wewe, kaka mtu, usiiname. Nilijivuna ulipopata kiti katika ofisi hiyohiyo. Jumanne ulikaa hapo ukingoni mwa kitanda, unamwandikia rubani aliye hewani, nikakusikia, "Mbona hajibu huyu?" Hajibu kwa sababu anarusha ndege! Angeweza kuwa dada yako. Ukaniambia, "Baba, ndio utaratibu wa kazi." Utaratibu! Hata sahihi yangu ilikuwa utaratibu.

Chini ya godoro kuna bahasha tatu. Ndani nimeandika ukweli wote, na ujumbe ule wa ofisi neno kwa neno, kama nilivyounakili jioni ileile, wakili ameshuhudia. Moja ya tume ya uchunguzi, moja ya yule mhudumu, na ya tatu ya Kasuku, mkononi mwake. Wewe ndiye utakayempelekea, si dada yako. Mwambie, "Baba yangu aliandika uongo juu yako." Usiseme aliteleza. Akikutukana, pokea, matusi hayo ni yangu.

Binti yangu, kishikwambi kikilia mkiwa mnashuka, kiache kilie. Wakikufukuza kazi, nyumba unayo.

Maji... hapana, usiniinue. Mungu awape macho yasiyosinzia na ulimi usioogopa kalamu ya mkubwa. Mpendane bila kuhesabiana. Radhi yangu mnayo, wote wawili, hata wewe... hata wewe uliyeinama.

Haya, chukua ufunguo wa gari na bahasha ya Kasuku. Sasa, mwanangu, si kesho. Ukipigiwa simu njiani kwamba nime... kwamba basi, usigeuze gari. Maziko yana watu. Yule hana mtu... Nenda.