Mama Alhamisi: Kila Kijana na Mtu Wake

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Alhamisi hata mkasahau jina alilopewa na wazazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili wa baba seremala na mama mkunga, na kwa maneno ya mama yetu, alianza kuuliza maswali kabla hajajua kutembea. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha akaingia chuo cha ustawi wa jamii na kuhitimu mwaka 1983. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa ofisa ustawi wa jamii, akapewa meza, kabati lenye mlango usiofunga, na benchi la wageni kwenye korido, ambako kila mpita njia alisikia shida za aliyekaa.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi magari, wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1989 na wa kiume mwaka 1992. Shemeji atanivumilia nikisema kwamba maisha yao yote alilalamika kuwa alioa mke mmoja akaletewa ofisi nzima, maana haukupita mwezi bila kijana fulani kulala sebuleni, na asubuhi shemeji alinung'unika weee, huku akimkaangia mayai kijana huyo huyo.

Jina la Mama Alhamisi lilitokana na kosa la mwaka 1996. Wakati huo mtaa ulikuwa na vikundi vitatu vya kusaidia vijana wenye maisha magumu, chama cha akina mama washonaji, klabu ya mpira na kikundi cha waumini, kila kimoja kikijituma kwa moyo, na kila kimoja kikimchungulia mwenzake kwa wivu kidogo. Marehemu alipokwenda kumtembelea msichana mmoja yatima, alimkuta ana mabegi matatu mapya ya shule, moja kutoka kila kikundi, lakini analala juu ya magunia jikoni kwa jirani, kwa sababu kila kikundi kiliamini kingine ndicho kinachomwangalia. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Dada hakugombeza mtu, aliwaomba wote wakutane kila Alhamisi mchana kwenye chumba cha washonaji, ambako hakuna aliyeruhusiwa kukaa mikono mitupu, hata kocha wa klabu ya mpira alipewa shati ashone vifungo. Hapo wakakubaliana kwamba kila kijana atakuwa na mtu wake mmoja, anayejua amelala wapi, amekula nini na amenuna kwa nini, vikundi vingine vyote vikiwa nyuma yake. Mkubwa wake kazini alimwambia kuwa ofisa wa serikali hashoni vifungo, naye akamjibu kwa adabu kwamba kwenye vifungo ndiko watu wanakosema ukweli. Na kweli, kocha alijua nani hajala kwa kumwona anavyokimbia, washonaji waliona alama za kipigo walipopima sare, na ofisi ikajifunza kwao mlango gani wa kupiga hodi. Msichana yule wa mabegi, ambaye dada alijitwika mwenyewe, leo ni fundi cherehani, na amekaa na wafiwa kwa haki yake.

Marehemu alistaafu mwaka 2021, na Septemba 2022 akaanza kusumbuliwa na figo. Kitandani hakulia maumivu, alilia vijana wake, akawakabidhi mmoja mmoja kwa wenzake, mpaka akabaki binti mmoja wa miaka kumi na sita, ambaye alikuwa amekosana na kila aliyempokea. Kila tulipoingia wodini alituuliza, "Na yule je?" na sisi tukajitia kumpangia mito.

Alhamisi ya tarehe 6 Juni 2024, wenzake walifanyia kikao kando ya kitanda, swali likaulizwa tena. Shemeji, ambaye hakuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja, alikuwa mlangoni na chupa ya chai, akasema, "Huyo niachieni mimi. Ana mdomo kama wako, nimeshazoea." Dada alicheka mpaka muuguzi akaja, kisha akaomba alazwe vizuri, asinzie. Alifariki Jumapili ya tarehe 9 Juni, saa nane mchana, katika hospitali ya wilaya, akiacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kutubembelezea watoto, wafanyakazi wenzake, na watu wa Alhamisi, ambao wiki hii mmekutana kama kawaida.

Dada, tangu Jumapili shemeji alikuwa hajatia kitu mdomoni. Jana yule binti akamfokea mbele za watu, akamwekea sahani, akakaa hapo hapo mpaka ikaisha. Sasa pumzika kwa amani, usituulize tena.